Mapenzi ya Mama Aliyeumizwa Utotoni

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo sitaongea juu ya mikopo wala mbuzi wa maziwa. Nitawapa hadithi, halafu tuizungumze.

Iko katika kitabu Beloved cha Toni Morrison, Mmarekani mweusi, kilichotoka mwaka wa 1987. Kilitokana na kisa cha kweli. Mwaka wa 1856 mtumwa Margaret Garner alitoroka Kentucky na watoto wake. Alipoona wanakamatwa, alimuua binti yake ili asirudishwe utumwani.

Kitabuni mama huyo anaitwa Sethe. Mama yake mzazi alimnyonyesha wiki mbili tatu tu, akarudishwa shambani. Mwanamke aliyebaki kumnyonyesha alilazimika kuwapa watoto wa Wazungu kwanza. Sethe alipata yaliyobaki. Baadaye mama yake akanyongwa.

Sasa mwangalieni naye akiwa mama. Anatoroka na mimba, mgongo umejaa majeraha ya viboko, na wazo lake ni moja: maziwa yamfikie mtoto mchanga aliyetangulizwa. Mnaona? Alichonyimwa ndicho anachopigania. Na bwana alipokuja kuwachukua, alikimbia nao bandani akamuua mmoja. Kwake, huko kulikuwa ni kuwaweka salama.

Tusiseme hakuwa na mapenzi. Alikuwa nayo, lakini hofu ndiyo iliyoshika usukani. Ni kweli uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini kidonda cha zamani kisipotibiwa, mzazi anaweza kumfungia mtoto mlango mpaka akose hewa. Wavulana wawili walitoroka nyumba ile. Binti aliyebaki, Denver, alijifungia ndani miaka mingi. Na majirani? Walijitenga nao karibu miaka 18!

Siku Denver alipotoka kuomba msaada, akina mama walianza kuacha chakula uani, sahani moja moja. Mwishowe wanawake 30 wakaja pamoja, wakasali na kuimba mbele ya nyumba. Walichelewa, lakini walikuja.

Hata huku kwetu yupo mama asiyemruhusu mtoto kucheza na wenzake, au anayechapa kwa sababu ya kuogopa. Kabla ya kumsema, tujiulize: yeye mwenyewe alipatwa na nini alipokuwa mdogo? Pengine alilala njaa, pengine alinajisiwa akanyamazishwa. Mtembeleeni wawili wawili. Msikilizeni, na maneno yake yasifike sokoni. Lakini mtoto akiwa hatarini, msinyamaze: mwone chifu au ofisi ya watoto, au piga simu 116, ni ya bure.

Maswali ya kikundi:
1. Ni nyumba gani tumeacha kuitembelea, na kwa nini?
2. Nani wawili wataenda wiki hii?