Mtoto Aliyezaliwa Kwetu ni wa Nani?



Mwaka 1873, katika mji wa San Francisco nchini Marekani, alizaliwa mtoto wa wafanyabiashara wa Kichina, akaitwa Wong Kim Ark. Alipokua akawa mpishi. Siku hizo Wachina walichukiwa. Sheria ya mwaka 1882 iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, ikakataza Mchina yeyote kupewa uraia kwa maombi.

Mwaka 1895 Wong alirejea kutoka safari ya Uchina. Alikuwa na hati yenye saini za Wazungu walioshuhudia kwamba alizaliwa Marekani, maana neno lake peke yake lisingetosha. Hata hivyo alikataliwa kushuka. Akazuiliwa melini kwa miezi kadhaa, mbele ya mji aliozaliwa.

Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 28 Machi 1898, majaji 6 dhidi ya 2 waliamua kuwa yeye ni raia kwa kuzaliwa. Msingi wao ulikuwa Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1868 ili watu weusi waliotoka utumwani wasinyimwe uraia. Hivyo ngao iliyochongwa kwa ajili ya Mwafrika ikamkinga na Mchina. Anayetetea haki ya jirani yake huwatetea na wale asiowajua.

Lakini, ndugu zangu, hukumu haibadilishi mioyo. Mwaka 1901 Wong alikamatwa huko El Paso, Texas, akatakiwa kuthibitisha upya haki ileile aliyokwisha kuishinda mahakamani. Sheria za kuwabagua Wachina zilifutwa mwaka 1943 tu. Na mwezi Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wa wageni wanaozaliwa nchini humo. Mahakama kadhaa zikaizuia mwaka huohuo.

Sheria za uraia hutofautiana nchi na nchi. Utu wa mtoto hautofautiani. Hakuna mtoto aliyechagua wazazi wala mahali pa kuzaliwa. Basi tujiulize katika jumuiya zetu: mtoto wa mgeni anayecheza na wanetu na kusema lugha yetu, tunamwita kwa jina lake, au kwa jina la nchi ambayo hajawahi kuiona?