Jua la Nyanda za Juu na Maturubai ya Chama



Katika mikoa ya Mbeya na Iringa imezoeleka kudhaniwa kwamba jua la huku ni dogo kwa kuwa hewa ni baridi. Lakini joto ni kitu kimoja na mwanga ni kitu kingine. Miongoni mwa miali ya jua imo isiyoonekana kwa macho, iitwayo miali ya urujuanimno, nayo huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa unazidi mita 1,500.

Turubai la plastiki ni nyuzi zilizofumwa, kisha zikapakwa utando ili zisipitishe maji. Utando huo umejengwa kwa molekuli ndefu mithili ya minyororo. Miali hiyo huzikata pingili za minyororo, na oksijeni ya hewani huingia palipokatika, isiache paungike tena. Utando hukakamaa, hufanya nyufa ndogo mno, hatimaye humomonyoka. Mvua husingiziwa tu. Huikuta kazi imekwisha fanyika.

Ndiyo maana turubai lililofunika mahindi tangu Julai, kiangazi chote bila tone la maji, huweza kuandikwa "zima" siku ya kuhesabu mali, kisha likavuja mvua za kwanza zinyeshapo. Mahindi yaliyokwisha kukaushwa vema hulowa na kuota kuvu. Na sumukuvu ikishaingia haiondoki kwa kuanikwa upya. Hapo lawama humwangukia katibu au mlinzi.

Yafaa basi turubai lipimwe kabla ya msimu. Sehemu iliyopigwa na jua ikunjwe na kusuguliwa kwa vidole: ikitoa unga au ikipasuka kwenye mkunjo, turubai hilo lisikabidhiwe mazao ya wanachama. Bati lililopakwa rangi nalo hupimwa hivyo hivyo, kwani rangi iliyochoka huacha vumbi la chaki kiganjani.

Wakati wa kununua, kamati zisitazame bei peke yake. Viwanda huchanganya dawa maalumu, au masizi meusi, ili kuinyonya miali hiyo. Turubai lisilo na kinga hiyo huwa rahisi siku ya kununuliwa tu. Kinga hiyo idaiwe kwa maandishi katika hati ya ununuzi. Turubai lisilo kazini likunjwe na kuwekwa ghalani kivulini, na daftari la mali lionyeshe, pamoja na tarehe ya kununuliwa, idadi ya miezi ambayo limekaa juani.