Tundu Dogo Huozesha Mashua
(Maneno tuliyosema mkutanoni Umoja, Nairobi)



Mashua tuliyonunua Kisumu kwa akiba yetu ni ya faiba, lakini ndani ya sitaha mna ubao laini katikati ya magamba mawili. Tulipofungua boliti moja yalitoka maji. Ubao ulikuwa umeoza, na juu rangi inang'aa!

Basi tufanye hivi. Kila tundu tulipanue, tukwangue ubao mbovu, tuache pakauke kabisa. Chini tuzibe kwa utepe, tujaze epoksi. Ikishakuwa ngumu, tutoboe katikati yake kwa kipimo cha boliti. Hapo maji hayatagusa ubao tena.

Asiye na subira asishike keekee. Akiba ya wengi isizamishwe na haraka ya mmoja.