Mkeka wa Goziba na Ahadi za Geneva

Msikilizaji, mwezi ukiwa mpevu hapa kisiwani Goziba, Ziwa Victoria, hakuna anayekwenda kuvua dagaa. Taa ya kuwavuta dagaa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Mitumbwi inalala mchangani, na vijana wameketi juu yake, simu mkononi, wanapanga mikeka ya kubeti. Timu kumi kwa shilingi mia tano. Timu moja ikiteleza, mkeka umechanika.

Sasa, kampuni ya kubeti ikiwa ng'ambo, haina leseni ya Bodi yetu ya Michezo ya Kubahatisha, je, mkataba wa biashara wa kimataifa unaweza kuipa mlango?

Waulizeni Wamarekani. Mwaka 2003 Antigua na Barbuda, visiwa vya Karibi vyenye watu wasiofika laki moja, viliishtaki Marekani katika Shirika la Biashara Duniani, WTO, kule Geneva, kwa kuzifungia kampuni za visiwa hivyo za kamari mtandaoni. Marekani ikajitetea kwamba inalinda maadili. Mwaka 2005 chombo cha rufaa cha WTO kikakubali kwamba maadili ni hoja halali, ila Marekani ikashindwa kuonyesha kuwa katika mbio za farasi inawabana wenyeji kama inavyowabana wageni. Mzizi wa yote ulikuwa mstari mmoja katika orodha ya ahadi zake za huduma: iliahidi kufungua soko la huduma za burudani, ikasahau kuiondoa kamari. Sheria za Marekani hazikufutwa, maana WTO haina uwezo huo, lakini mwaka 2007 wasuluhishi waliamua kwamba Antigua inaweza kuomba ruhusa ya kujifidia hadi dola milioni 21 kila mwaka kwa kuacha kuzilinda haki za miliki bunifu za Marekani.

Sisi tuliahidi kidogo. Katika huduma, Tanzania iliiandikia WTO hoteli za nyota nne na kuendelea, basi. Kwa hiyo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, pamoja na marufuku yake kwa walio chini ya miaka 18, haina ahadi ya WTO ya kuiogopa.

Ila kuna mikataba mingine, ule wa Eneo Huru la Biashara la Afrika ukiwamo, na Katiba, ibara ya 63, imewapa wabunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Nawaomba wabunge wetu wa Muleba na Bukoba: orodha ya huduma ikifika mezani, ulizeni neno “burudani” limebeba nini ndani yake. Jibu mje mtusomee hapa mwaloni, usiku wa mbalamwezi, wavuvi wote wakiwapo.