Mji na Vijiji Vinavyoulisha
(Maneno ya monitere wa kilimo kwa watu wa Kasongo na Kabambare)

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana wenzangu, leo nasema juu ya mji. Pengine mtasema: "Sisi ni watu wa shamba, mji watuhusu nini?" Wawahusu sana. Mji hauna shamba la kuutosha. Kila asubuhi watu wake huamka na njaa, nao hutazama njia waone nani anakuja na kitunga kichwani au gunia juu ya kinga.

Zamani Nyangwe, kando ya Lualaba, palikuwa na soko kubwa. Wanawake walivuka mto kwa mitumbwi, wakileta samaki, chumvi, vyungu na muhogo. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa mfanyabiashara mmoja waliwapiga bunduki palepale sokoni. Mamia walikufa, wengi wao kwa kuzama. Livingstone alikuwako, aliona kwa macho yake. Fikirini basi: mama aliyepona siku ile atarudi upesi na kitunga chake? Mji unaowatisha wanaoulisha unajinyima chakula wenyewe.

Kasongo ya Tippu Tip nayo ilizungukwa na mashamba makubwa ya mpunga, mahindi na miwa, na waliolima wengi walikuwa watumwa. Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dhanis waliuteka mji. Mji ukahama, na mahali pale pa zamani huitwa Tongoni, yaani penye matongo. Lakini mpunga haukuhama. Mwaulima hata leo.

Kisha Kindu ikakua. Kwa nini Kindu? Kwa sababu vyombo vya mtoni kutoka Ubundu vilikoma pale, na mizigo ikapandishwa katika gari la moshi. Reli ya Kindu mpaka Kongolo ilimalizika mwaka 1910. Mahali mzigo unapobadili chombo, hapo watu hujenga: wapagazi, wenye maghala, wenye duka, mama wapikao chakula. Reli ile ikapita ng'ambo ya Lualaba, na Kasongo ikabaki upande huu.

Sasa shamba lako. Mdachi mmoja, von Thünen, naye alikuwa mkulima, aliandika mwaka 1826 kwamba umbali wa mji ndio unaochagua mazao. Neno hilo ni kweli hata kwetu. Aliye karibu na mji alime lengalenga, sombe na nyanya, maana huharibika upesi. Aliye mbali, mwendo wa siku mbili, asijaribu. Apeleke mchele, karanga na mawese. Mbuzi yeye hujipeleka kwa miguu yake. Na muhogo? Muhogo mbichi ni maji kupita nusu. Ukiubeba mbichi, shingo yako inabeba maji, na hakuna anunuaye maji yale. Uloweke, uukaushe vizuri juu ya mkeka, usiuanike barabarani penye mchanga, ndipo uubebe.

Machimbo ni mji wa namna nyingine. Hapa nataka msikie sana. Kule Namoya, karibu na Salamabila, kampuni ilichimba dhahabu hata mwaka 1961, ikaacha. Kampuni nyingine ilianza uzalishaji kamili mwaka 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa ajili ya vita. Tena mwezi wa Oktoba 1985 bei ya bati ilianguka London, na kampuni ya Sominki, iliyochimba bati Kalima, ikadhoofika. Watu wa Kalima hawakukosa neno lolote. Lakini mtu asiyepata mshahara hanunui mchele wako, hata ukiwa mweupe namna gani. Kwa hiyo lima kwanza cha nyumbani, na cha machimbo kiwe cha pili.

Na ninyi vijana: mkiondoka wote kwenda machimboni mwezi wa kupanda, baba zenu watalima kipande kidogo, na kule midomo imeongezeka. Ndiyo sababu mojawapo chakula ni ghali machimboni. Asiye na budi kwenda, aende baada ya kupanda na kupalilia.

Kabla ya kubeba mzigo, ulizeni bei kwa mtu arudiye sokoni. Wanaotaka kuuza mchele wao pamoja msimu huu walete magunia makavu yasiyotoboka. Mzani tutautundika chini ya mwembe, kila mtu asome namba yake mwenyewe, na asiyejua kusoma aje na mtoto wake wa shule.