Kundi Moja, Kalamu Moja

Tangu Septemba 2019, serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipofuta ada katika shule za msingi za umma, watoto wamefurika madarasani, katika mji wa Uvira mpakani na Burundi kama kwingineko. Mwalimu wa hesabu hana budi kuwagawa makundi. Kuwagawa ni rahisi. Kuwafanya wafikiri pamoja ndiyo kazi.

Mara nyingi mmoja hushika kalamu, wenzake wakasubiri kunakili. Elizabeth Cohen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alionyesha kwamba mtoto anayedhaniwa hodari ndiye husema sana, na anayesema sana hujifunza zaidi. Dawa yake: kila mtoto apewe jukumu, na swali liwe zito kwa mtu mmoja.

Maswali ya namna hiyo yamejaa sokoni Uvira. Ndagala zimenunuliwa kwa faranga za Burundi, nauli imelipwa hadi mpakani Kavimvira, zinauzwa kwa faranga za Kongo: faida ni ngapi? Mmoja akokotoe, mwingine aandike, wa tatu aulize sababu ya kila hatua. Kisha mwalimu amwite yeyote, hata yule mkimya, aeleze ubaoni.

Na wabishane kwa Kiswahili! Kifaransa cha kitabuni huwanyamazisha wengi kabla hesabu haijaanza. Jirani Burundi, inayofundisha kwa Kirundi katika madarasa ya mwanzo, iliongoza kwa hesabu katika PASEC ya 2014, upimaji wa wanafunzi wa shule za msingi katika nchi 10 za Afrika zinazotumia Kifaransa. Lugha pekee haielezi ushindi huo, lakini wakaguzi wa elimu wa Uvira wangefanya vyema kuvuka mpaka wakatazame.