Hacer Frente na Dar la Cara



Kamati imenitaka nizungumze juu ya lugha, na bila shaka wengi mlitarajia Kiswahili chetu. Mniwie radhi, leo nimechagua Kihispania. Hapa Marekani zaidi ya watu milioni 40 hukizungumza majumbani mwao, na wengi wetu katika Texas tunafanya kazi bega kwa bega nao, jikoni, viwandani na katika wodi za hospitali. Wala lugha yao haiko mbali nasi kama tudhaniavyo: hasta yao na hata yetu zimetoka katika neno moja la Kiarabu, na azúcar na sukari vilevile.

Wenye lugha hiyo wakitaka kusema kwamba wanakabili shida, husema hacer frente. Hacer ni kufanya, na herufi h haitamkwi. Frente, kwa asili, ni paji la uso. Kinachobadilika ni kitenzi: hago frente, ninakabili, hacemos frente, tunakabili, hicimos frente, tulikabili. Frente yenyewe hukaa vilevile. Baada yake lazima ije a, ambayo ikikutana na el huungana nayo kuwa al: hacer frente al problema. Vijana wetu huisahau a hiyo, kwa kuwa Kiswahili hakiihitaji. Sisi hukabili tatizo moja kwa moja. Msemo huu hufaa hata kwa fedha: hacer frente a los gastos, yaani kumudu gharama.

Katika hilo jamaa zetu hawahitaji mwalimu. Walifika ugenini na sanduku moja, wakafanya kazi mbili usiku na mchana, wakasomesha watoto wa ndugu zao kule nyumbani.

Lakini uko msemo wa pili, dar la cara. Dar ni kutoa, la cara ni uso. Hawasemi "uso wangu", kama sisi tusemavyo "nimevunjika mguu" bila kuongeza wa nani. Maana yake ni kujitokeza mbele ya watu, ukakiri kwamba jambo ni lako na ukalijibia. Hapo ndipo tunapopungukiwa. Mtu akikosa mchango wa msiba, huzima simu. Akiachishwa kazi, haji tena harusini. Shida zake anazikabili, tena kwa ushujaa, ila uso hautoi. Miaka miwili hatumwoni, kisha habari zake tunazisikia kwa watu baki.

Je, lawama ni yake peke yake? Sidhani. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Tena hakuna kutoa pasipo wa kupokea, nasi tumezoea kupokea nyuso za wenzetu kwa maswali: "Mbona umekonda? Gari lako liko wapi?" Anayesema kweli mchana, jioni habari yake imekwisha fika Mombasa, naye mwenyewe bado yumo njiani kurudi kwake.

Msemo huo ukiongezwa por hupanuka: dar la cara por alguien, kutoa uso kwa ajili ya mwenzako, kusimama mbele za watu badala ya yule asiyeweza kusimama. Ombi langu kwa kamati ni hili. Anayedaiwa asisomwe jina ukumbini kama tulivyozoea. Ateuliwe mzee mmoja amwendee faraghani, wakubaliane, kisha mzee huyo ndiye aende kwa mweka hazina. Nimekwisha zungumza na wazee wawili, nao wako tayari kuanza mwaka huu.

Watoto waliojiandikisha kwa somo la Kihispania tutakutana katika chumba cha nyuma saa nane mchana. Tutaanza na kitenzi dar, ambacho nafsi yake ya kwanza, doy, ina vituko vyake. Njooni na kalamu.